Kesi Niliyoshinda Mingoyo

Wiki iliyopita tumemzika Bi Mwajuma, na kabla udongo haujakauka watu walikwisha kuanza kusimulia kisa changu na yeye, tena wakakisimulia vibaya. Nilikuwa uani, mtoto mgongoni, nachambua mchele wa msiba, nawasikia. "Huyu Mama Rukia mnayemwona," anasema mmoja, "alipokuja hapa kutoka Unguja hakujua utani ni nini. Akampeleka marehemu kortini!" Wakacheka. Mwingine akadakia: "Kasoma mpaka sekondari, maskini, lakini somo hilo hawakumfundisha!" Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, kwa sababu msibani mtu hajibizani. Lakini nimerudi nyumbani nimekasirika, na hasira yenyewe haijashuka mpaka hivi ninavyoandika. Wanasema sikujua. Nilijua. Siku niliyosimama kortini nilikuwa najua vizuri kabisa utani ni nini. Nilikwisha kuelezwa na mume wangu, na karani wa korti mwenyewe. Kisa kikisimuliwa kwamba sikujua, mimi natoka msafi, mgeni tu aliyekosea. Bi Mwajuma hakustahili kuzikwa na uongo huo, na wanangu hawatakua nao maadamu mimi nina kalamu.

Tulihamia Mingoyo mwaka ule Waingereza walipoanza mashamba yao ya karanga huko bara ya Lindi. Malori na maghala yakahitaji makarani, na mume wangu Idi, aliyekuwa karani wa ghala Unguja, akapata kazi ya stoo. Rukia alikuwa na miaka mitano, Nassor mitatu, mimi ishirini na mbili. Watu wa hapa wakinisikia nasema nilihamia nchi ya kigeni wananicheka: pwani moja, dini moja, lugha moja, ugeni uko wapi? Nawaambia ugeni ni huo huo. Anayekwenda Ulaya anajua kila kitu kitakuwa kingine, anajiandaa. Mimi nilitoka nchi ya Sultani nikaingia nchi ya Gavana nikidhani nahama mtaa, kisha nikakuta kila kitu kimesogezwa kidogo. Chai ile ile, lakini maji ya kisima yana chumvi na sukari haiwezi kuificha. Wali upo, lakini wa wageni. Wa kila siku ni ugali wa mtama, mweusi, ambao Nassor aliutazama siku ya kwanza akauliza nani ameuunguza. Salamu zile zile, lakini haziishi mpaka umeulizwa hali ya mbuzi wa kwenu, na sisi hatukuwa na mbuzi. Na juu ya yote, kabla hujaulizwa jina unaulizwa kabila. Kwetu mjini Unguja, miaka ile, swali hilo halikuulizwa usoni. Lilikuwa na meno. Kila nyumba ilikuwa na bibi mmoja ambaye watu walijua alikotoka na hawakusema, na ukimuuliza mtu kabila ni kama umemwambia mlete bibi yako hapa nje tumtazame.

Nyumba tuliyopangishwa ilikuwa nusu nyumba. Udongo, miti, makuti, ukumbi katikati, uani mmoja, choo kimoja. Upande wa pili alikaa Bi Mwajuma, Myao, mjane wa miaka kama hamsini, aliyekaanga vitumbua pale njia panda kwa ajili ya matingo na madereva wa malori. Kiambaza kilichogawa vyumba vyetu hakikufika kwenye paa. Kiliishia kichwani pa mtu mrefu, halafu juu yake wazi, kwa hiyo moshi wake ulikuwa moshi wetu na maneno yake maneno yetu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Alfajiri alianza kusema na unga, halafu na moto, halafu na kuku wa jirani, na mpaka mimi naamka nilikuwa nimekwisha kujua habari zote za Mingoyo. Siku tuliyofika alikuwa amesimama mlangoni mkono kiunoni.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ninyi kabila gani?"

"Sisi Waunguja."

"Unguja ni mahali, mwanangu. Hata mbuzi anatoka mahali. Nimeuliza kabila."

"Waunguja," nikarudia, nikaingiza watoto ndani nikafunga mlango. Nikamsikia nje anawaambia wapagazi: "Haya. Wamefika kabila la Wafunga Mlango."

Idi ndiye aliyeufungua. Ilikuwa alasiri, wiki ya tatu au ya nne, mimi ndani napaka mafuta nywele za Rukia, yeye kibarazani na Bi Mwajuma na mzee mmoja Mmwera aliyekuwa akipita na kapu la ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini wanavyovichemsha huku na kuvila kama sisi tunavyokula karanga. Nasikia wanamenya, wanatafuna, wanazungumza mvua. Halafu nasikia Idi anasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa Mmwera. Kwamba alichukuliwa mtoto mdogo huku huku bara ya Lindi akapelekwa Unguja. Mkono wangu ulisimama juu ya kichwa cha mtoto. Mimi nilikuwa mke wake kwa miaka sita na jambo hilo nililijua kwa kunong'onezwa mara moja, na shangazi yangu, siku ya posa. Nikangoja kimya kiingie. Kilichoingia ni kelele. Bi Mwajuma alipiga vigelegele vya arusi.

"Alaa! Kumbe mtumwa wangu! Karudi mwenyewe, tena kwa meli, na nauli kajilipia! Sikiliza wewe. Babu yangu ndiye aliyemtembeza bibi yako mpaka Kilwa. Akamuuza kwa kaniki mbili, na moja ilikuwa na tundu. Hasara tupu mpaka leo tunaililia!"

Nikasimama. Nikadhani sasa Idi atainuka, ataingia ndani, tutafunga vitu. Badala yake nikasikia sauti nisiyoitambua mara moja, na ilikuwa ya mume wangu anacheka. Si kile kicheko chake cha ofisini. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema: "Babu yako ndiye aliyeliwa. Bibi yangu alikuwa anakula kama watu watatu. Angekaa kwenu wiki moja zaidi mngeuza na nyumba." Yule mzee wa ming'oko akapiga goti lake, akamwita Idi mjomba, akammwagia nusu ya kapu mapajani.

Alinieleza yote jioni ile, na nikaelewa, kwa hiyo wasiniambie sikuelewa. Wayao na Wamwera ni watani. Zamani walipigana, wakatekana, wakauzana. Sasa wanatukanana kwa ruhusa. Mtani anaingia kwako bila hodi, anachukua kofia yako kichwani, anakula samaki wako, anakuita mtumwa, na wewe unamwita mwizi, na hapana wa kukasirika. Na siku ya msiba mtani ndiye anayefanya kazi ngumu, ya kuwazuia wafiwa wasizame. "Ni namna yao ya kulimaliza," alisema Idi. Nikamwambia limewaishia wao waliouza. Akasema: "Mama Rukia, mimi sijapata kulisema neno hilo kwa sauti maisha yangu yote. Leo nimelisema na nimepewa ming'oko." Ningemsikiliza vizuri hapo, haya mengine yasingekuwapo. Lakini mimi nilikuwa nasikia neno moja tu. Kwetu neno hilo halikuwa mchezo. Nilisoma na wasichana ambao wangeweza kuua ndoa ya mtu kwa neno hilo. Nilikuwa nimeshika kalamu na kitabu mpaka darasa walilofika wachache sana, kusudi mimi na watoto wangu tusije tukaitwa hivyo, na sasa linapita juu ya ukuta kila asubuhi pamoja na harufu ya vitumbua: "Mtumwa wangu ameamka? Mwambieni aje kunichotea maji!"

Miezi miwili ikaenda hivyo. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha Idi kabla Idi hajakikalia. Aliondoka na mwavuli wake, akautembeza sokoni siku ya jua kali, akitangaza kwamba ni mali yake kwa sababu mwenyewe ni mali yake. Watoto wangu wakampenda. Hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia, na niliseme wazi. Nassor, ambaye kwangu alikula kwa kubembelezwa, kwake alikula ugali mweusi mpaka tumbo likang'aa. Rukia alishinda njia panda akipanga vitumbua kwenye sinia, akaanza kusema kwa lafudhi yao. Siku moja mchana tumekaa kula, samaki na wali wa nazi, wali wangu mzuri wa Unguja niliouhangaikia tangu asubuhi, na mtoto akaniambia huku mdomo umejaa, uso umechangamka kama aliyepata zawadi shuleni: "Mama, mimi mtumwa wa Bi Mwajuma. Na Nassor pia. Yeye mdogo, kwa hiyo yeye nusu kaniki."

Nilimpiga kofi. Punje za wali ziliruka mpaka kwenye mkeka. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, anatafuta kosa liko wapi. Idi akaacha kula. Mimi nikanawa mkono, nikachukua karatasi, nikaandika mashtaka kwa mwandiko ule ambao mwalimu wangu alikuwa akiwaonyesha wakaguzi, nikayapeleka kwa miguu yangu mwenyewe.

Karani wa korti ndogo ya pale aliyasoma akayarudia, kisha akaniangalia kwa huruma. "Mama, mwandiko mzuri sana huu. Lakini niambie, huyu bibi Myao, na mumeo kabila gani? Maana nimesikia ni Mmwera. Kama ni Mmwera, hapa hakuna kesi. Utani haushtakiwi."

"Mume wangu si Mmwera," nikasema.

"Una hakika?"

"Nimekaa naye miaka sita. Andika."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Idi. Sikupiga kelele, kiambaza kile hakikuruhusu. Nilimwambia kwamba akiulizwa kortini aseme ni Mshirazi wa Unguja, na akisema vinginevyo mimi na watoto tutapanda meli ya kwanza itakayotia nanga Lindi, na asitufuate. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini.

"Unataka nimkane bibi yangu mbele ya watu?"

"Unguja ulimkana miaka yote," nikamwambia. "Huku umeanza lini kumpenda?"

Nimeyasema maneno mengi mabaya maishani, nina ulimi, najijua. Hayo ndiyo ya kwanza ningeyarudisha.

Siku ya kesi watu walijaa kama kwenye ngoma, wengine na ming'oko mfukoni, wamekuja kuchekeshwa. Hakimu alikuwa mtu mzima, mpole, si mwenyeji wa Mingoyo. Akauliza: "Bi Mwajuma, umemwita huyu bwana mtumwa?"

"Nimemwita. Jana nimemwita, juzi nimemwita, na kesho Mungu akinipa uzima nitamwita. Mtani wangu huyo. Hata sasa hivi anadaiwa kuja kunipalilia."

Watu wakacheka, hata hakimu akashika ndevu. Akamgeukia Idi. "Bwana Idi, wewe Mmwera?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Hapana, bwana hakimu. Mimi Mshirazi."

"Huna asili ya Kimwera? Kwa baba wala kwa mama?"

"Sina."

Yule mzee wa ming'oko alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliinuka, akachukua kapu lake, akatoka. Bi Mwajuma hakusema "mwongo." Angeweza, kibaraza kizima kilisikia siku ile, ushahidi alikuwa nao wa kutosha. Alimtazama Idi kwa muda, halafu akanitazama mimi, halafu akavuta kanga akafunika mdomo. Alipoifunua, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya adabu. "Basi nimemtukana mtu wa watu. Bwana Idi, nisamehe. Mama Rukia, nisamehe. Nilidanganywa na masikio yangu." Hakimu akamwamuru alirudie hilo kwa sauti ili wote wasikie, na akalirudia. Ikaandikwa kwamba asimwite tena mume wangu wala watoto wangu kwa neno lolote la dharau, na asiingie kwetu asipoitwa. Nilishinda. Nilirudi nyumbani mgongo umenyooka, na njia nzima Idi alitembea hatua tatu nyuma yangu.

Hakuna aliyetutenga. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wasimuliaji wa msibani wanapenda kusema mtaa ulininunia. Ningenuniwa ningejua la kufanya. Kwetu kununa ni fani. Walitupa adabu. "Hujambo, Mama Rukia. Watoto hawajambo? Bwana hajambo?" Kisha wanapita. Bi Mwajuma alianza kusema na moto wake kwa kunong'ona. Asubuhi nilikuwa naamka sijui lolote: nani kajifungua, lori gani limezama kwenye tope, samaki wametoka Sudi au hawakutoka. Kumbe ukuta ule ndio uliokuwa unanilea. Muuza ming'oko alimpimia Idi kopo lililosawazishwa kwa kidole, akamwita "bwana." Siku moja Nassor alianguka uani akapasuka goti, na Bi Mwajuma alikuwa hatua mbili kutoka pale alipoanguka. Hakumwinua. Alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje, akasema, "Samahani, Mama Rukia, mtoto ameanguka," na mikono yake alikuwa ameikunja kifuani, ameishika kwa nguvu kama mtu anayezuia wanyama wawili. Amri ya korti, aliifuata mpaka mwisho. Mtoto akawa analia, anamnyooshea mikono yeye, si mimi.

Idi akaacha kukaa kibarazani. Alirudi kazini, akala, akakaa ndani na gazeti moja lile lile. Hakunilaumu. Mara moja tu, nikimkatia mkate, alisema: "Huku ndiko mahali pa kwanza nilipokuwa mtu wa mahali." Alisema hivyo, akaomba chumvi.

Pepo za kusi zilikuwa zimekwisha kuanza ilipokuja telegramu kwamba mama yake amefariki Unguja. Huyo ndiye aliyekuwa mtoto wa yule bibi Mmwera. Mtoto wake wa pekee. Hapakuwa na meli ya kumfikisha kabla ya maziko, kwa hiyo tukaweka msiba hapo hapo Mingoyo, bila maiti, bila ndugu, mkeka ndani kwa wanawake na mkeka nje kwa wanaume. Watu walikuja. Waislamu hawaachi kuja. Walileta unga, walileta kuni, wakasoma, wakasema pole, wakanyamaza kwa heshima, wakaondoka. Idi alikaa katikati yao siku mbili macho makavu, anawashukuru mmoja mmoja kama karani anayepokea mizigo, na sikio langu lilikuwa ukumbini, nasubiri sauti fulani ipande. Bi Mwajuma alikuja siku zote mbili. Alikaa karibu na mlango, miguu ameikunja vizuri. "Poleni sana, Mama Rukia. Mungu amrehemu marehemu." Akala kidogo kilichotolewa, akaaga.

Siku ya tatu, ya hitima, sufuria la pilau likiwa linashushwa uani, Idi akaja upande wa wanawake. Mwanamume haji upande huo. Akasimama kwenye mlango wa uani, kanzu imekunjamana, wanaume wamemfuata nyuma wakidhani amepatwa na kichaa.

"Mama yangu alikuwa mtoto wa Mmwera," akasema. "Bibi yangu aliuzwa kutoka huku. Kortini nilisema uongo. Siwezi kumzika mama yangu kama Mshirazi."

Bi Mwajuma alikuwa anapanga sahani. Hakuinua kichwa. "Na Mama Rukia anasemaje? Maana aliyenishtaki ni yeye."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kawa la kufunikia sahani mkononi. Nikasema: "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwambia aseme uongo. Nilimtishia na watoto."

"Ulikuwa unajua sisi watani?"

"Nilikuwa najua."

Akafikiri. "Mimi nimekatazwa kwa maandishi," akasema, "na maandishi hayafutwi kwa maneno ya uani. Lakini leo nitaivunja sheria, na wewe utakwenda kuifuta." Akajifunga kanga kiunoni, akauchukua mwiko kwa mpishi, akafunika sufuria, akakaa mbele yake miguu imetanuka. Na ile sauti ikatoka, ile ya kushinda injini.

"Hapa haliwi kitu! Mtu wangu anakufa ng'ambo ya maji bila hata kuniaga, kisha mnakuja kunilia pilau? Nani kampa ruhusa ya kufa? Mimi sikumpa! Mlete hapa huyo mwanawe, mrefu kama mlingoti, hana faida, hata kulia hajui!"

Muuza ming'oko akapiga kelele kutoka nyuma, "Mjomba, mjibu mwizi huyo!" Na Idi akamjibu. Akamwambia babu yake alivaa kaniki ile mpaka ikamwishia mwilini, ndiyo maana ukoo mzima hauna haya. Uani ukalipuka. Alimaliza kusema, akacheka, na katikati ya kicheko uso wake ukakunjana akaanza kulia, kwa sauti, siku ya tatu, huku watu wanacheka na kumshika mabega. Bi Mwajuma hakuacha kumtukana hata kidogo. Alizidisha, lakini alikuwa amekwisha kuinuka, amemshika kichwa.

Mimi sikucheka, wala sitadanganya kwamba siku hiyo nililipenda neno lile. Silipendi mpaka leo. Katika miaka hii saba nimemsikia Bi Mwajuma akiwaita wanangu wote wanne watumwa wake, wa mwisho akiwa na siku saba. Naelewa kazi ya neno hilo, nimeiona kazi yake kwa macho yangu, na bado nauliza mbona anayeuzwa ndiye anayepaswa kuwa mwepesi wa kucheka. Nilimuuliza yeye mwenyewe mara moja, tukichambua mbaazi. Akasema: "Ndiyo maana na yeye ananiita mwizi. Ulitaka tuitane nani?"

Wiki ile ile tukaenda kortini watatu, mimi, Idi na Bi Mwajuma. Karani aliponiona akashusha kalamu. "Mama, kesi yako imekwisha. Uliishinda. Kwa nini unajitafutia mambo?" Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia kwamba angeweza kutuadhibu mimi na Idi kwa kusema uongo mbele yake. Halafu akasema Bi Mwajuma alifanywa aombe radhi kwa sauti, na mimi nitafanya vivyo hivyo, mlango wazi, na waliokuwa wanapita nje wakaitwa. Nikasema. Nilisema ninajua kusoma na kuandika, nilijua utani ni nini, na nilimshtaki mwanamke huyu kwa uongo kwa sababu nilimwonea haya bibi wa mume wangu. Niliyasema kwa hasira, si kwa majuto. Nilikuwa nimewakasirikia wote waliokuwa wananitazama, na mimi mwenyewe zaidi. Majuto yalikuja baadaye, polepole, hayakuwa na watu.

Karani akafungua kitabu aandike masahihisho. Mume wa mlalamikaji, akaandika, ana asili ya Kimwera kwa bibi mzaa mama. Akachovya kalamu.

"Jina la bibi huyo?"

Idi akasema, "Unguja aliitwa Zafarani."

"Hicho kiungo cha pilau," akasema Bi Mwajuma. "Hilo walimpa waliomnunua. La kwao nani?"

"Halijui mtu. Alichukuliwa mdogo. Mama hakuambiwa."

Karani alikuwa anangoja, wino unakauka kwenye ncha. Nje lori lilikuwa linapandisha mlima wa Lindi, na Bi Mwajuma akangoja lipite.

"Andika Mwajuma," akasema Bi Mwajuma.

"Bibi, hilo jina lako."

"Si langu? Ndiyo maana natoa mimi. Sisi ndio tuliompotezea lake." Hapakuwa na mzaha katika sauti yake, nimemjua miaka saba, na hiyo ndiyo mara pekee alipolitaja jambo hilo bila kucheka. "Andika, mwanangu."

Karani hakuandika. Alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chini ya kiapo, na akaniuliza, mbele ya hakimu na mbele ya mlango wazi, kama hilo ndilo jina la kweli la bibi huyo.

"Ndilo," nikasema.

Akaandika. Mpaka leo katika kitabu kile bibi mzaa mama wa mume wangu anaitwa Mwajuma, na ni uongo, uongo wangu wa pili katika korti ile. Wa kwanza nilirudi kuufuta. Huu nimewaambia wanangu wauache pale ulipo.